Hadithi Nilizosimulia Mchana

Baraka, tarehe 9 Oktoba 2003

Mama yangu mpendwa,

Hujambo, Mama? Magoti yako yanaendeleaje? Huko kambini Kigoma mnalala mahali pakavu? Yaya Georgette na mtoto wake hawajambo? Najua yeye ndiye anayekusomea barua hii, na tangu utoto namjua kwa haraka yake ya kuruka mistari. Yaya, dada yangu mkubwa, nakuomba kwa heshima zote, safari hii usiruke hata mmoja.

Sisi huku tu wazima, Mungu asifiwe. Barua yako ilifika Jumanne mikononi mwa Alphonse, yule mwenye boti ya Kazimia. Nilipoona picha yako ndani ya bahasha, na sura ile ya kumkasirikia mpiga picha, nilikaa pale pale ufukweni, kwenye mchanga wanapoanika ndagala, nikalia na kucheka kwa pamoja mpaka wauza samaki wakaja kuniuliza nimefiwa na nani. Nikawaambia sijafiwa. Nikarudia, sijafiwa! Wakatazamana, wakaniletea maji ya kunawa uso. Mama, miaka mitatu sikujua niseme mama yangu yuko au niseme alikuwako. Sasa najua, na mwili wote umekuwa mwepesi.

Umeniuliza nimeishije tangu tulipotengana. Ngoja nikueleze, na mwishoni kuna jambo ambalo lazima ulisikie kwangu mwenyewe.

Siku wenye bunduki walipoingia Baraka, wewe ulikuwa Kazimia kwa Yaya, aliyekuwa amejifungua. Mimi nilikimbia na majirani tukapanda milima ya upande wa Fizi. Tulijenga vibanda vya majani ndani ya kichaka, juu ya mashamba ya muhogo. Kila asubuhi wakubwa walishuka kutafuta chakula, na kwa kuwa mimi ndimi mwalimu, niliachiwa watoto wote, thelathini na wanane, kuanzia wanaojua kusoma mpaka wanaojikojolea.

Sikuwa na chaki, ubao wala kitabu. Na watoto wa vita ni kazi, Mama. Walikuwa na mchezo mmoja tu, mchezo wa kupora. Mmoja anakuwa askari, mwingine anakuwa mama mwenye kapu, na anayelia ndiye ameshindwa. Nilipowaambia kuiba ni vibaya walinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye sijui dunia ilivyo. Ndipo nikakumbuka hadithi zako za wanyama. Wewe hukuwahi kutuambia tusiibe. Ulituambia habari za Fisi, na aibu ikatushika wenyewe.

Lakini nilikumbuka pia sheria yako. Hadithi ni za usiku, kando ya moto. Anayesimulia mchana anamzika mama yake. Tulipokusumbua mchana ulitupa kinu na majani ya muhogo tutwange sombe, ukasema bado unapenda kuishi. Sasa kule mlimani moto wa usiku ulikatazwa, maana ungeonekana mbali, na giza likishaingia hakuna aliyeruhusiwa kusema. Ulibaki mchana tu. Niliwaeleza watoto shida yangu. Vainqueur, wa miaka sita, meno ya mbele hana, akasema kwa nyanya yake dawa ipo, unang'oa kope moja na kuiweka utosini, na mchana unahesabiwa kuwa usiku. Nikang'oa. Nao wote wakang'oa, kwa usalama wa mama zao. Kabla ya Pasaka macho yangu yalikuwa matupu kama ya samaki.

Nilianza na Fisi aliyepewa kazi ya kulinda ndagala mchangani. Akasema ataonja kichwa kimoja tu, kwani kichwa si samaki. Akaonja cha pili ili cha kwanza kisiwe peke yake. Wenyewe waliporudi walikuta mikia mitupu, na Fisi amelala chali, tumbo linamuuma, anawauliza mwizi amepita njia gani. Watoto walicheka wakiwa wameziba midomo, maana kucheka kwa sauti nako kulikatazwa. Kesho yake Willy, bingwa wa ule mchezo wa kupora, aliniletea muhogo uliopotea katika kibanda cha jirani. Alama za meno zilikuwa bado zinaonekana. Akajitetea kwamba alikula kichwa tu. Nilimshukuru, nikageukia upande mwingine nisimchekee usoni.

Miezi saba tuliendelea hivyo, na ule mchezo ukafifia wenyewe. Kisha akapanda Fabien, mchuuzi wa samaki, akasema boti iliyojaa wakimbizi kutoka Kazimia imezama, na kwamba wewe na Yaya mlionekana mkipanda. Mama, sikulia. Nilijigusa kope. Mimi mwenye diploma, mimi niliyebatizwa, niliamini kabisa kwamba nimekuua kwa mdomo wangu. Mchungaji Norbert aliniambia uhai na mauti viko mikononi mwa Mungu, haviko mikononi mwa Fisi. Nikamwitikia amina, na moyoni nikakataa.

Nikaacha kusimulia. Haikupita wiki mbili, mchezo wa kupora ukarudi, na Willy akamtoa mwenzake damu kwa ajili ya ndizi. Mimi nilikaa tu nikiwatazama. Ndipo akasimama Divine. Huyu ni mtoto aliyeletwa mlimani na watu wasiomjua, baada ya mama yake kuuawa njiani mbele ya macho yake. Alikuwa na miaka saba, na tangu afike tulikuwa hatujamsikia akisema zaidi ya ndiyo na hapana. Akaja mbele ya wenzake, akaniambia hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwalimu, we ikala tu. Mi mama yangu alishakufa. Muchana haiko na kitu ya kunifanya. Ni mi nitasimulia."

Na akasimulia Fisi yote, kwa sauti yangu, mpaka na kikohozi changu. Mimi niliyekuwa nikifundisha huruma nilijiinamia nikalia kwa mara ya kwanza. Tangu siku ile yeye ndiye akawa msimulizi wetu. Jioni nilimnong'oneza hadithi mpya, naye asubuhi akawapa wenzake.

Mwaka uliofuata alifika Mama Florentine kutoka Misisi. Alikuwa amesikia kwa wafanyabiashara kwamba kambini Kigoma kuna mama mzee wa Baraka anayegombana kwa Kibembe na wagawaji wa unga mpaka wanamwongeza. Nilisema moyoni, kama huyo si mama yangu, basi ana pacha. Lakini maneno ya njiani ni maneno ya njiani. Nilifurahi, na furaha ikaja na woga wake. Kama uko hai, basi bado unaweza kufa. Nikaapa kwamba mchana sitafungua tena mdomo.

Sasa, Mama, nimefika pale nilipokuwa napaogopa.

Siku ya nne baada ya habari ile, saa tano asubuhi, watu wenye silaha walipita njia ya chini, karibu kabisa na kichaka chetu. Walikuwa wengi, na hawakuwa na haraka. Wakubwa wote walikuwa mashambani. Watoto wadogo wakaanza kwikwi, zile kwikwi zinazotangulia kilio. Nilimtazama Divine asimulie. Alikuwa ameziba masikio kwa viganja, macho hayaoni, amerudi kwenye ile njia alikofia mama yake. Asingeweza. Nilibaki mimi.

Niliwakusanya, nikawanong'oneza hadithi ambayo hukuwahi kunipa, maana niliitunga pale pale. Kanga alikuwa na vifaranga wengi, na Mwewe akatokea juu. Kanga akatazama mabawa yake, akaona hayatoshi. Akaamuru kila mkubwa amfunike anayemfuata kwa udogo. Kifaranga cha mwisho kikalia kwamba hakina wa kukifunika. Kanga akakipa kijiwe, akakiambia, huyu naye anaogopa, mlinde. Sikumaliza hata kusema. Willy alimvuta Vainqueur chini ya kwapa lake, Vainqueur akamvuta mwingine, wakafunikana mpaka wakawa fungu moja chini ya majani. Nilimfunika Divine kwa kifua changu. Katoto ka mwisho, ka miaka miwili, kalikuwa kamelalia jiwe, kanalipapasa mgongo. Wale watu wakapita mpaka wa mwisho. Hakuna aliyekohoa.

Sikung'oa kope, Mama. Nafasi haikuwepo, lakini sitajificha hapo. Hata ingekuwepo ningekuwa nakudanganya tu, maana moyoni nilikuwa nimekwisha amua. Nilikufikiria wewe, nikawatazama watoto wa watu, nikawachagua watoto wa watu. Nilipotamka neno la kwanza la hadithi ile nilikuwa nakuaga. Sikumwambia mtu yeyote, wala Mchungaji. Nimeishi na jambo hilo mpaka Jumanne, nilipoiona picha yako umekunja uso, mzima wa afya. Naomba unisamehe. Na ukiona vema kunigombeza, nigombeze sana, maana hata magomvi yako nimeyakosa.

Divine anaishi nami hapa Baraka tangu tulipoteremka. Ana miaka kumi sasa, yuko darasa la nne, na siku zote ananiita Mwalimu, hata nyumbani, hata tukila. Nilimwacha, sikutaka kumlazimisha. Jumanne alinikuta ufukweni na picha yako, akakaa pembeni yangu, akanitazama nilivyokuwa nalia na kucheka. Jana mvua ilitufungia shuleni, watoto wa darasa langu wakamshika mikono wakimwomba hadithi ya Kanga, kama kawaida yao. Akakataa. Wakabembeleza, akakataa. Nikamuuliza kulikoni, yeye ambaye mchana haujawahi kumtisha. Akainamisha kichwa, akasema hawezi tena kusimulia mchana, kwa sababu sasa naye yuko na mama.

Alphonse anarudi huko kesho kutwa, na atangoja jibu lako hata likiwa la matusi. Nimempa sabuni mbili na chumvi, zipokee. Mkumbatie Yaya, mbusu mtoto ambaye sijamwona. Usipande boti yoyote kabla sijakuambia ipi. Mungu akulinde usiku, na mchana pia.

Ni mimi mwanao,
Pulchérie

na mjukuu wako, Divine