Majina Mekundu ya Zahanati

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limeacha kukusumbua na mvua imefika huko Taveta, maana huku Kakamega inanyesha kila alasiri bila kuombwa. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umejaa aibu, na heri uisikie kwangu kuliko kwa watu.

Unajua kazi iliyonileta hapa Shinyalu: kuhamisha daftari la wagonjwa wa zahanati kuliingiza kwenye kompyuta. Nilimaliza mapema, nikaitazama fomu ya kwenye skrini nikaiona kama nyumba isiyopakwa rangi. Basi nikaanza madoido. Nyuma nikaweka kijani hafifu, visanduku nikavizungusha pembe, na jina la mgonjwa nikalipa herufi kubwa, nene, nyekundu. Sista Agneta, muuguzi mkuu, aliniambia niwaonyeshe wenzangu kwanza. Nikamwona mshamba. Mimi, binti yako, nilimwona mshamba mtu aliyeanza kazi kabla sijazaliwa!

Wazee wa presha wakaanza kupungua siku za kliniki. Nikasema ni palizi ya mahindi. Hadi juzi Sista alipofungua daftari la zamani mbele yangu: majina yote kwa wino wa buluu, machache yamerudiwa kwa kalamu nyekundu.

"Hawa walishakufa," akasema. "Hivyo ndivyo tunaandikanga. Na wazee wanajua, kitabu kilikuwa kinakaa wazi hapa mezani."

Na skrini yangu imeelekea benchi la wagonjwa. Mama, majina yale niliyanakili kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuuliza kwa nini yana rangi yake.

Kubadilisha rangi kulinichukua dakika moja. Jana nikaenda kwa Kukhu Rispa (kukhu ndiye nyanya huku), ambaye zamani hakuwa akikosa kliniki. Nikamkuta ameshawagawia wakamwana wake kuku wote, na dawa hajazigusa wiki mbili. Nilipiga magoti nikamweleza kwamba kosa ni langu.

"Kumbe ni wewe uliniandika?" akasema. "Niliona jina yangu nyekundu, nikasema basi, hawa watu ya hospitali wanajuanga siku."

Kisha akacheka, mama. Akamwita mkamwana arudishe jogoo mmoja, nikapikiwa ingokho na obusuma, kuku na ugali wa huku, kama mgeni wa heshima. Angenitukana ningepata nafuu.

Akakubali kurudi kliniki. Nikaaga nikijiona nimetua mzigo. Alipokuwa akinisindikiza hadi barabarani ndipo akaniuliza, "Na Mzee Shivachi umemwambia? Siku ile niliona jina yangu, tulikuwa na yeye. Alisema hamezi dawa tena, ya nini."

Sikuwa hata nimemfikiria. Nilikuwa nimeridhika kumwomba msamaha mtu mmoja, na fomu ile waliiona wote.

Nisalimie dada Mkawasi na mwanawe mchanga, mjomba Mwakio na mbuzi wake wakorofi, na shangazi wa kwaya. Wakiuliza habari za kazi yangu, waambie ukweli, usinipambe.

Nakomea hapa, bodaboda imefika. Mzee Shivachi anaishi peke yake upande wa msituni, na tangu jana jioni nampigia simu, hashiki. Niombee nimkute hai.

Mwanao mwenye haya,
Mghoi