Kocha wa Chumba cha Pasi

Ghorofani, juu ya duka la viatu,
Tarehe 21 Julai.

Binti yetu amethibitishwa. Ni msimamizi mkuu wa kiwanda kizima cha kufulia, kuanzia mapipa ya sabuni mpaka magari ya kupeleka mashuka, na aliyekuwa akimfokea jana leo anamwomba ruhusa ya kwenda kunywa chai. Nimeona nikwambie hilo kwanza, kabla kalamu haijapasuka.

Mpendwa mdogo wangu,

Sasa nikusalimu kama mtu mwenye adabu. Hujambo? Bwana wako hajambo? Kile kikohozi chake kimemwacha au bado kinamsumbua? Na wanangu wanaendeleaje na shule? Sisi huku wazima. Goti langu linalalamika nikipanda ngazi, lakini tangu juzi nazipanda kama msichana, maana kila mlango ninaoupita nina habari ya kuugongea.

Honi nilishakueleza habari zake. Ndiye yule msimamizi wa zamani, mtu mfupi mwenye sauti ya lori, na jina hilo alipewa na wapiga pasi wenyewe. Mashuka ya ile hoteli kubwa yalikuwa yanapungua kila mwezi, na dawa yake ilikuwa moja tu: kusimama getini jioni na kupekua mikoba ya wanawake wazima, wengine sawa na mama yake, akichambua nguo zao na vyombo vyao vya chakula mbele ya madereva. Hakupata hata foronya moja. Kesho yake anapekua tena. Mtu akipoteza kitu mara moja ni bahati mbaya, lakini huyu alikuwa anapoteza na akili.

Hoteli ikachoka. Ikasema mashuka yakiendelea kupotea, itapeleka kazi yake kwingine, na hoteli hiyo ikiondoka nusu ya wapiga pasi wanarudi nyumbani. Mwenye kiwanda akashikwa na presha. Akamweka Honi pembeni, akampa binti yetu nafasi kwa majaribio. Akishindwa anarudi kwenye pasi, kama hiyo pasi yenyewe itakuwepo.

Kabla ya hapo kiwanda kilikuwa kimewapeleka wasimamizi na wasaidizi wao kwenye mafunzo ya ukocha, na binti yetu, wakati huo msaidizi wa chumba cha pasi, alikuwa mmoja wao. Si wa mpira, usicheke kama shemeji yetu mkubwa, aliyekuja hapa, akanywa chai yangu, akauliza, "Sasa huko kwenye sabuni golikipa ni nani?" Akacheka peke yake, kama kawaida yake. Ni ukocha wa kazini. Kiongozi anajifunza kumuuliza mtu swali lisilo na kofi ndani yake, kisha anafunga mdomo na kumwacha afikiri. Yule mtu anaitafuta njia mwenyewe, anaahidi mwenyewe, na siku nyingine anaulizwa ahadi yake imefika wapi. Ukisikia hivi unaona jambo dogo. Jaribu kufunga mdomo, uone.

Honi naye alikwenda. Alikula, akasinzia, akarudi na cheti, akakitundika juu ya meza yake na kuanza kufoka chini yake siku hiyohiyo, msumari haujapoa.

Binti yetu siku yake ya kwanza aliondoa upekuzi getini. Honi akawaambia madereva, "Subirini, wiki ijayo watatoka na mashine kichwani." Mtoto hakumjibu. Alipindua kapu la nguo katikati ya mashine za kupigia pasi, akalikalia, akapindua la pili mbele yake, na kuanza kumwita mpiga pasi mmoja mmoja. Swali lilikuwa moja. "Shuka likikuungulia mkononi, unafanya nini?" Halafu kimya.

Wa kwanza kukaa alikuwa jirani yangu wa chini, yule mwenye mwanya, na ndiye aliyenisimulia yote haya. Anasema alitazama viatu vyake, akatazama mashine, akatazama mlango. Mtoto katulia, uso mkunjufu, kama anayesubiri uji upoe. Mwishowe jirani akauliza, "Zamani au sasa?"

"Wakati wowote."

"Basi njoo nikuonyeshe."

Akampeleka chumba cha chai na kunyoosha kidole juu. Mdogo wangu, dari ilikuwa imeota kitambi. Waliposukuma ubao mmoja kwa mpini wa fagio, mashuka yakawamwagikia, yote yana alama za kuungua, mengine yamekuwa vitanda vya panya. Hakuna aliyeiba kitu. Walikuwa wakiunguza wanaficha, kwa sababu aliyekiri kwa Honi alitukanwa mbele ya watu mpaka mama yake anatiwa humo. Na Honi miaka yote hiyo alikuwa anakunywa chai yake mle mle, chini ya mzigo mzima, akishusha kikombe anakwenda kupekua mikoba. Mtu wa namna hiyo ukimtuma alete kichwa chake, atarudi kukuuliza kiko wapi.

Tajiri mwenye kiwanda alikuja, akayaona, akataka majina ya wote walioficha, wafukuzwe jioni hiyohiyo. Honi pembeni anatikisa kichwa. "Si nilisema? Waharibifu hawa." Binti yetu bado yuko kwenye majaribio, neno moja baya na kiti kimekwenda. Na majina anayajua, maana walishamwambia wenyewe pale kwenye kapu. Akamuuliza tajiri, kwa upole uleule anaoniulizia mimi chumvi iko wapi:

"Nikikupa majina, shuka litakaloungua kesho utalikuta wapi?"

Akanyamaza. Mbele ya tajiri. Mimi ningekuwa nimeshaeleza, nimeshaomba radhi na nimeshalia. Yeye kimya. Jirani anasema walikuwa wanasikia mashine zikipumua chumba cha pili. Tajiri akatazama juu, akawatazama wapiga pasi, akajikuna kidevu.

"Darini," akasema.

Hakuna jina lililotoka, na hakuna aliyefukuzwa.

Ndipo mtoto akawakusanya na kuwauliza wao wangependa iweje. Wakakubaliana kwamba shuka likiungua linatundikwa kwenye waya mlangoni, kila mtu alione, na aliyeliunguza anasema alikuwa kwenye mashine gani. Wiki haijaisha, ikajulikana kwamba karibu yote yalitoka kwenye mashine moja ya kona, ambayo ikipata moto haijui kuacha. Wapiga pasi wote walikuwa wakiiogopa, lakini nani angemwambia Honi? Ukimwambia mashine mbovu, mbovu unakuwa wewe. Fundi akaitengeneza. Tangu hapo hoteli haikupotelewa na shuka tena, ikabaki, na tajiri akampa mtoto barua yake mbele ya watu.

Tajiri alitaka na Honi aondoke. Binti yetu akamkalisha kwenye kapu kama wenzake, mlango umefungwa, na alipotoka akamwombea kazi ya uani, kuelekeza magari yanaporudi nyuma. Sauti anayo, na hakuna lori litakalosema halikumsikia. Walichozungumza sikijui. Nimeuliza mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, naambiwa ya kwenye kapu yanabaki kwenye kapu. Mimi nisingempa hata ufunguo wa choo. Lakini ndiyo maana yeye ni mkuu na mimi ni mama yake.

Shemeji yetu mkubwa naye amegeuka. Sasa huko anakopita anasema "mtoto wetu, yule kiongozi". Amejipatia mtoto ghafla, na hakuumwa hata kiuno.

Nyumbani nako mambo ni hayohayo. Nilimuuliza tualike watu wangapi kwenye sherehe ya kumpongeza. "Wewe unaonaje, mama?" Akanyamaza. Nikanyamaza na mimi, tuone nani ataanza. Tulitazamana mpaka birika likalia. Nikasema waje wote, na kumbe ndilo nililokuwa nalitaka tangu mwanzo.

Kwa hiyo wewe huna pa kutorokea. Njoo na bwana wako, njoo na wanangu wote, na mama mkwe wako kama miguu inamruhusu, nitamtandikia kitanda changu. Baba yake msimamizi hapa anakusalimu sana, amefua shati lake jeupe mwenyewe na hataki mtu alishike. Mpe bwana wako pole yangu, na wanangu uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akilinde kifua chake, awape usingizi mzuri, na awafikishe hapa mkiwa salama na njaa ya safari.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Mama wa Msimamizi Mkuu.

Siku yenyewe ni Jumapili, tarehe kumi na saba mwezi wa nane, kuanzia saa sita mchana. Mtoto ameichagua mwenyewe, maana ndiyo siku mashine zote zinazimwa na kila mpiga pasi anaweza kuja.