Laptopu Iliyogoma na Sauti ya Baba Mkwe

Alhamisi. Mlima haujaonekana tangu asubuhi. Wingu limeulalia mpaka kwenye mashamba ya juu, na hapa Endasak mvua imekuja, imekwenda, imerudi. Nimechoka, macho yamevimba, lakini moyo umetulia.

Shajara, leo namsifia wifi yangu. Anayejua tulivyo mimi na yeye atashangaa. Huyu ndiye aliyesema mbele ya wageni kwamba ugali wangu unahitaji kuombewa.

Nianze na Jumanne.

Laptopu yetu ni ya mkono wa pili, mume wangu Paskali aliinunua Arusha. Betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo inaishi kwa waya. Ukichomoa, imezimika. Jumanne mchana ilianza kujiapdeti yenyewe, kioo kikaandika kwamba isizimwe mpaka imalize. Nikaiacha mezani sebuleni, nikatoka mbio kuanua maharage maana mvua ilikuwa inakuja.

Huku kwetu radi si ya kufanyia mzaha. Ngurumo ya kwanza ikisikika, kila nyumba inachomoa kila kitu: televisheni, chaja za simu, friji kwa mwenye friji. Nyumbani kwetu sheria hiyo aliiweka baba mkwe siku ileile umeme ulipoingia. Mwaka jana alipata kiharusi. Mguu mmoja anauburuta na maneno hayatoki tena, ila masikio yake ni mazima. Ngurumo ilipopiga, mimi niko nje na maharage yangu, yeye akainuka na fimbo yake, akajikokota hadi ukutani, akachomoa.

Niliporudi kioo kilikuwa cheusi, na yeye amekaa kwenye kiti chake akiniangalia kwa ile sura ya mtu aliyeokoa nyumba.

Mvua ilipokatika nikachomeka, nikawasha. Kioo kikawa cha bluu, kikasema mashine inajirekebisha, ikazima, ikawaka, bluu tena. Ikazunguka hivyo mpaka ng'ombe wakarudi zizini.

Sasa niseme kilichokuwa ndani yake.

Kulikuwa na slufay. Kwa asiyetoka huku, slufay ni dua yetu sisi Wairaqw. Mzee anaisema kwa mafungu, maneno mazito yaliyopangika, na kila fungu likiisha watu wote wanaitikia kwa mvumo mmoja. Baba mkwe alikuwa anaitwa mpaka Gitting na Endagikot kwenda kuisema kwenye harusi za watu. Kabla hajaugua nilimrekodi kwa simu kwenye harusi ya jirani. Simu hiyo baadaye ilitumbukia kwenye ndoo ya maziwa, usicheke, lakini rekodi nilikuwa nimeshaihamishia kwenye laptopu. Kila wiki nilisema nitaiweka kwenye flashi. Kila wiki nikawa na kazi nyingine.

Jumamosi hii Danieli, kitinda mimba wa baba, anaoa. Tulishakubaliana kwamba wakati wa baraka ukifika, ipigwe sauti ya baba yake mwenyewe. Danieli hakuomba kingine chochote kwenye harusi hiyo.

Na aliyechomoa ni baba.

Hakuna aliyethubutu kumwambia. Tulikuwa tunanong'ona jikoni kama wezi, na yeye anatugeukia kila tukipita, maana mtu asiyesema anaona sana.

Jana asubuhi Paskali alimpigia fundi mmoja wa mjini. "Hiyo tunapiga window tu, kaka, inarudi kama mpya," fundi akasema. Paskali akauliza, je, vilivyomo ndani? "Vilivyomo si vinaondoka? Unaanza upya." Paskali akashukuru, akakata simu, akabaki anaangalia miguu yake. Danieli akasema basi, atatafutwa mzee mwingine. Alisema hivyo kama mtu anayemeza kwinini, kisha akatoka kwenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Ndipo nikampigia wifi Emanuela. Anatengeneza simu na kompyuta Babati. Nilijua ataniuliza kioo kimeandika nini, nikawa nimeshajiandaa kumsomea. Hakuuliza hilo.

"Ndani kuna nini, wifi?"

Nikamwambia.

"Msiiwashe tena, hata kwa kujaribu. Na msimpe mtu. Kesho nakuja."

Swali lake limenikaa kichwani hadi sasa ninapoandika. Mimi mwenyewe tangu Jumanne nilikuwa nawaza mashine tu, mashine, mashine. Yeye alikuwa Babati, na cha kwanza alichotaka kujua ni nani amebaki ndani.

Leo amefika kwa bodaboda, ametapakaa tope hadi magotini, begi amelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Tukadhani atakwenda mezani. Alikwenda kwa baba, akapiga goti, "Shikamoo baba," na baba akamwekea mkono kichwani. Halafu baba akainua fimbo akaielekeza kwenye laptopu. Akamwangalia binti yake usoni. Alikuwa anauliza, na sote tuliokuwa pale tulijua anauliza nini.

Nikatazama sakafu.

"Imegoma, baba," Emanuela akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ila ulivyochomoa ulifanya vema. Radi ingeipata, saa hizi nisingekuwa na cha kutengeneza."

Mabega ya baba yakashuka. Siku mbili nzima nilikuwa nayaona yamepanda na sikujua ni kwa nini. Na alichosema wifi si uongo, ndiyo maana kilimfikia. Mimi ningesema "wala usijali baba", na baba angejua papo hapo kwamba kuna la kujali.

Kisha akafanya kazi. Akaigeuza laptopu yetu, akafungua skrubu na kuzipanga kwenye kifuniko cha sufuria, akatoa diski, kitu kidogo kinachotosha kiganjani, akakiunganisha kwa waya kwenye laptopu yake mwenyewe. Paskali akauliza mbona haanzi kuitengeneza mashine.

"Nyumba ikiungua unatoa mtu kwanza, kaka. Moto tutauzima baadaye."

Diski ilikuwa inasitasita. Inanakili kidogo, inasimama, inaendelea. Emanuela hakuibonyezabonyeza, hakuipiga, hakuilaani. Alikaa nayo tu mikono mapajani. Mwanamke ambaye hawezi kusubiri chai ipoe, leo alisubiri. Danieli alikuwa amesimama mlangoni na shoka lake bado mkononi.

Ikafika zaidi ya nusu. Na huko juu mlimani ikanguruma.

Sote tukatazama ukutani. Chaja ya wifi ilikuwa imechomekwa palepale. Na fimbo ya baba ikagonga sakafu, akaanza kuinuka.

Danieli akaweka shoka chini, akaenda kusimama mbele ya ule ukuta. "Baba, tafadhali. Ngoja kidogo tu." Baba hakungoja. Kumzuia baba mkwe kwa mikono, ndani ya nyumba yake, sijui kama ningeweza, na kumwacha pia sikuweza.

"Mpishe baba apite," Emanuela akasema bila kuinua macho. "Ni nyumba yake."

Danieli akasogea. Baba akajikokota, akainama, akachomoa.

Kioo kikafifia kidogo, na kazi ikaendelea.

"Betri yangu nzima," wifi akasema, "na nimeijaza kabla sijatoka Babati. Nimezaliwa kwenye nyumba hii. Nilijua nani atachomoa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Paskali naye. Baba alitutazama kama watu waliolewa pombe mchana, akarudi kwenye kiti chake, kazi yake imekwisha.

Ilipomaliza kunakili, Emanuela akaifungua rekodi ile ili tuhakikishe. Kwanza kelele za harusi ya jirani, mbuzi mmoja, mimi nikimnyamazisha mtu. Halafu sauti. Ileile, nene, isiyo na haraka. Sauti ya mtu ambaye kwa mwaka mzima hajaniita jina.

Nikalia. Danieli alikuwa ameegemea ukuta amefunika uso. Fungu la kwanza likaisha, na kwenye rekodi watu wakaitikia, ila sisi tuliokuwa sebuleni hakuna aliyeweza hata kufungua mdomo.

Isipokuwa mmoja.

Mvumo ulitoka kwenye kile kiti. Ulikuwa umepinda, wa upande mmoja wa mdomo, lakini uliingia mahali pake barabara. Fungu la pili likaisha, akaitikia tena. Maneno yamempotea, ila kuitikia hakuhitaji neno. Mzee aliyeitikiwa maisha yake yote alikuwa anajiitikia mwenyewe. La tatu tuliitikia wote pamoja naye, na wifi ndiye aliyetuanzisha, huku machozi yanamchuruzika hadi shingoni na hana habari ya kuyafuta.

Baadaye alirudisha diski, akaingia kwenye ule ukurasa wa bluu, akaiondoa ile apdeti iliyoishia njiani. Laptopu ikawaka kama haijawahi kutusumbua. Kusema kweli niliitazama kwa jicho moja tu. Rekodi sasa iko kwake, iko kwenye flashi yangu, iko kwenye simu ya Paskali. Jioni alikula ugali wangu akaongeza, hakusema lolote. Nami nimelipokea hilo kwa heshima zote.

Jumamosi kiti cha baba nitakiweka mbele, karibu kabisa na spika. Na ikinguruma katikati ya baraka, mtu asimzuie. Apishwe, ainuke, achomoe. Spika inatumia betri, na naichaji usiku huu huu.