Diski Iliyoanguka Asubuhi

Wanangu,

Viatu vueni mlangoni, nimepiga deki. Chakula kiko kwenye sufuria, pasheni tu.

Nimekwenda kwa fundi na ile diski ya nje ya kompyuta. Asubuhi mlitoka bila hata kuaga, nikafungua video ya marehemu mama yenu akinigombeza kwa kuingia na viatu. Huwa naifungua kila siku mkishaondoka, nyumba isizizime. Leo nikajikwaa kwenye waya, diski ikaanguka. Sasa inagongagonga tu kwa ndani.

Fundi ameniambia kwenye simu kwamba diski za aina hii zina kisahani kinachozunguka, hazivumilii kuanguka. Diski ya aina ya SSD haina kisahani, pengine ingepona. Lakini mimi niliona SSD nafasi kiduchu, bei ya kuruka. Haya, rahisi imekuwa ghali.

Kitinda mimba, tafuta ile flashi yako. Najua flashi ni kadude kadogo, huzama hata kwenye kochi. Huenda uliinakili ile video. Usije ukaifuta! Picha zake ninazo kwenye simu, ila hazisemi.

~~Msinisubiri, kuleni tu.~~

Nisubirini.

Baba