Siku Uliyoikatalia Bodi ya Ardhi

Mpendwa mama,

Hatimiliki yangu imetoka. Nimeiweka kabatini chini ya shuka zako, hapa nyumbani Mikinduri, na nimeona wewe ndiwe wa kuambiwa kwanza.

Unakumbuka tulivyokuwa tukichambua maharagwe, ukinisimulia jinsi bibi alivyoamka akakuta wageni wanapima shamba lake? Babu alikuwa ameshaliuza, na hakuna aliyefikiri mke anafaa kuulizwa. Ulicheka ukisimulia, lakini mikono yako ilikuwa imeacha kuchambua.

Kisha baba akapata wazo la pikapu. Angeuza shamba la bondeni, anunue gari la kubebea miraa, nasi tutajirike. Sheria ilikuwa imebadilika na ilitaka mke akubali, kwa hivyo alikuambia ujifunge kitambaa cha kanisani, uende ukae mbele ya bodi ya ardhi, na ukiulizwa uitikie tu. Nilikuwa nimemaliza shule, nikawasindikiza.

Afisa akauliza, "Mama, umekubali hii shamba iuzwe?"

Ulirekebisha kitambaa kwanza. "Mimi sijakubali. Hawa watoto watalima wapi?"

Mnunuzi akamtazama baba, baba akatazama dari. Nilikuonea fahari hata nikakosa pa kuweka macho. Tulirudi kwa miguu, baba mbele, sisi nyuma, na njiani ukanunua vitunguu kana kwamba hakuna lililotokea. Alinuna wiki nzima, ila chapati zako alizila zote.

Siku hizi anawaambia watu sokoni kwamba yeye ndiye aliyekataa kuuza. Tunamwacha.

Mwaka huu aligawa shamba. Ndugu zangu wakapata kule juu, mimi nikapewa bondeni. Baba mdogo akauliza msichana anapewa ardhi ya nini.

"Huyu ni kama mama yake," baba akamjibu. "Akisema hapana, hiyo shamba haiendi mahali."

Nina furaha, mama, na ninakukumbuka sana. Ninalima bila kuangalia nyuma kama kuna mtu anakuja na kamba ya kupimia.

Jana asubuhi baba alikuja na panga, lakini hakuingia. Akasimama pale mpakani.

"Mwenye shamba, naweza kata nyasi ya ng'ombe?"

Maishani mwangu alikuwa hajawahi kuniomba ruhusa ya chochote. Nikamwambia angoje kidogo, nifikirie.

Akangoja.

Pumzika kwa amani sasa, mama. Shamba lipo.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.