Wale Madaktari Wasiojuana

Mjukuu wangu Kapinga,

Huku Kolwezi tunaamka vizuri, na mama yako amerudia kuuza unga sokoni. Unaniuliza huko chuoni utajuaje habari gani ya afya ni ya kuaminiwa.

Wakati wa Zaïre nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi kama wewe. Mtoto wa dada yangu Ntumba, kule Mutoshi, akashikwa na kuhara, na wamama wa jirani wakakataza asinyweshwe. "Maji itaongeza kuhara," walisema. Ntumba akaniuliza mimi, na mimi sikujua. Nikakimbilia biblioteki ya chuo.

Kitabu cha kwanza kilisema kama wale wamama. Mama Ngalula, mtunza biblioteki, akakifunga.

"Hii kitabu ni ya zamani, mwanangu, na mwenye kuandika haseme alionea wapi. Tafuta bale balipima, kisha uangalie kama bengine balipima na balipata vile vile."

Akanitandikia majarida mezani. Daktari mmoja alikuwa Asia, mwingine Afrika, mwingine Amerika. Hawakujuana, lakini wote walikuwa wamepima na kuona kwamba maji yenye sukari na chumvi yanaokoa. Watu wa mbali namna ile walikuwa wamemfanyia kazi mtoto wa Mutoshi!

Nikarudi Mutoshi kumweleza Ntumba, naye akamnywesha mtoto maji hayo kijiko kwa kijiko. Kesho yake mtoto akalia kwa nguvu, akitaka ziwa la mama yake. Hadi leo nikiingia biblioteki, nashusha sauti kama niko kanisani.

Soma kwa amani, mama.

Nkambo wako