Neno la Kigiriki na Ngoma ya Baba Mdogo

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mwaka umepita tangu tukuzike, na bado unanichosha.

Juzi mwanakwaya mpya kaniuliza kwa nini kile kinanda chetu cha umeme kinaitwa sinthesaiza. Nikajikuta namjibu kama wewe kabisa: neno lina asili ya Kigiriki, "sun" ni pamoja, "tithenai" ni kuweka, mashine inaweka pamoja visauti vya umeme, inatoka sauti ya tarumbeta. Ulikitoa seminari hicho Kigiriki, kabla hujaacha masomo ukamwoa Mama, na hukumwacha mtu salama. Mama akikuomba upeleke mahindi mashineni, unamweleza Wagiriki. Katekista kaja kutupa pole ya msiba wa Bibi, naye ukamweleza Wagiriki. Tulikoma.

Unakumbuka kinanda kilivyokuja? Biashara ilikuwa imeachiwa huru, maduka ya Songea yamejaa vitu tulivyozoea kuvisikia tu. Kwaya ikachanga mahindi ya kuuza tukinunue, kila mtu debe lake. Baba Mdogo, mpiga ngoma wetu, akaleta gunia zima juu ya basi kutoka Namtumbo. Wewe, mwalimu wa kwaya, ukabonyeza kitufe, kinanda kikapiga ngoma chenyewe. Ukamgeukia mdogo wako mbele ya watu wote: "Wewe sasa pumzika, ngoma imo humu humu."

Jamani, Baba. Mtu kaleta gunia.

Alibeba ngoma yake akaondoka, hakurudi tena. Umeme ukikatika, na ulikuwa unakatika kweli, tunabaki tumesimama kama kuku walionyeshewa. Nikakuambia, "Baba, mwite Baba Mdogo." Ukajibu, "Anajua njia." Mama akakuambia, padre akakuambia. Anajua njia, anajua njia. Maana ya kuweka pamoja uliijua mpaka kwa Wagiriki, kuwekana pamoja na ndugu yako wa tumbo moja kukakushinda.

Basi leo asubuhi nimepanda gari kwenda Namtumbo mwenyewe. Nimemkuta bandani anafunga tumbaku, nikamwomba arudi kwenye kwaya. Hakubisha hata kidogo. Alijifuta mikono, akasema taratibu, "Kila Jumamosi nilikuwa napiga pasi shati la kwaya, mwanangu. Najiambia, labda kesho kaka ataniita."

Kila Jumamosi, Baba. Nimelia pale pale bandani, kwa hasira.

Pumzika, mzee wangu. Nakupenda, na umenikera sana. Mdogo wako anasema alishakusamehe zamani. Mimi nipe muda kidogo.

Binti yako mkubwa